Bayamakasi wa Goma na kamera iliyowatangulia

Ukiuliza habari za parkour, mchezo wa kukimbia, kupanda na kuruka vizuizi vya mjini, kule Birere au Majengo, mitaa ya Goma hapa mashariki mwa Kongo, wengi watakutazama tu. Sema yamakasi, na mtoto wa kwanza utakayekutana naye atakuonyesha ukuta, kisha ataurukia mbele yako. Neno lenyewe ni la huku: kwa Lingala, ya makasi ni yenye nguvu. Mwaka 1997 kikundi cha vijana wa Lisses na Évry, vitongoji vya kusini mwa Paris, kilijiita hivyo. Mmoja wao, Guylain N'Guba Boyeke, ana asili ya Kongo. Mwaka 2001 ikatoka filamu yenye jina hilohilo, na nakala zake zikafika mpaka kwenye vibanda vyetu vya video. Jina lililoondoka huku likiwa sifa ya mtu mkakamavu likarudi likiwa na maana ya watu wanaoruka juu ya nyumba za wengine.

Jioni moja kwenye avenyu yetu kijana mmoja, mtoto wa jirani kabisa, alipita juu ya ukuta, akagusa ukingo wa dirisha kwa mguu mmoja, akatua upande wa pili. Kabla hajasimama wima mama mmoja alikwisha kupiga kelele: "Mwizi! Mwizi!" Watu wakatoka na walichokuwa nacho mkononi. Bahati nzuri alijulikana. Baada ya kelele kutulia mzee mmoja alimuuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Sasa ulikuwa unakimbia nani?"

Hakuwa anakimbia mtu. Lakini swali la mzee lina akili, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na skrini. Katika filamu ile ya 2001 vijana saba wanaingia katika nyumba za madaktari matajiri na kuiba, ili wapate fedha za kumbadilishia mtoto moyo. Katika Banlieue 13 ya 2004, David Belle, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa parkour, anaanza kwa kuwatoroka majambazi ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta kama gereza. Mwaka 2006 ikaja Casino Royale: Sébastien Foucan, aliyekulia pamoja na Belle kule Lisses, anacheza mtengeneza mabomu anayefukuzwa na James Bond katika jengo linalojengwa. Hadithi inasema ni Madagaska, ingawa kamera zilikuwa Bahamas. Anayeruka vizuri kuliko wote ni mtu mweusi, yuko Afrika, ni mhalifu, na anakimbia. Bond asiyejua kuruka anapita kwa kuvunja ukuta, na yeye ndiye shujaa.

Hapo ndipo nina shaka na lawama tunayoisikia mara nyingi, kwamba sinema zinawaponza watoto. Zinawaponza, ndiyo, nitafika hapo. Lakini kwa maoni yangu zimewafundisha zaidi watazamaji kuliko warukaji. Kijana akirudia mruko mara mia mwili wake utamsahihisha. Jirani hana cha kumsahihisha. Yeye ameona filamu mbili au tatu, na katika zote mtu aliye juu ya bati ana sababu mbaya ya kuwa pale. Ongeza mji wetu wenyewe, ambako usiku ukisikia nyayo juu ya mabati hufikirii michezo, na utaona kwa nini mama yule hakungoja.

Wanaozitetea filamu wana hoja nzito, na sipendi zipitwe haraka. Nani angewafundisha vijana wa hapa? Jumba la mazoezi ya viungo lenye magodoro na kocha si kitu cha mtoto wa Majengo. Kule Khan Younis, Gaza, vijana walianza kuruka katikati ya miaka ya 2000 baada ya kuona filamu ya hali halisi ya Uingereza, Jump London ya 2003; hawakuwa na mwalimu mwingine. Kamera iliwafikia mahali ambapo kocha asingefika. Tena filamu hizo, pamoja na uhalifu wake wote, ziliwaonyesha watoto wa wahamiaji na wa mitaa maskini wakiwa ndio wenye akili na wepesi kuliko polisi wanaowafukuza. Kwa mtoto wa Goma, aliyezoea kujiona kwenye habari akikimbia vita na godoro kichwani, hicho si kitu kidogo. Na tuwe wa haki: ile ya 2001 ilibeba onyo lake ndani. Mtoto anayehitaji moyo mpya alizidiwa alipopanda mti akiwaiga mashujaa wake. Hadithi nzima imejengwa juu ya mtoto aliyeiga. Ajabu ni kwamba nikiwauliza vijana, hicho ndicho kipande wasichokikumbuka.

Lawama yangu kubwa kwa filamu iko katika mkasi wa mhariri. Unachokiona ni mruko; kilichokatwa ni miezi ya kutembea juu ya ukingo ulio chini ya goti, kujifunza kutua kwa nusu ya mbele ya nyayo, kubiringika ili kishindo kiishie begani kisiishie kwenye magoti. Kilichokatwa pia ni zege. Lisses ina ngazi za zege, reli za chuma, na mapaa bapa yaliyojengwa kubeba watu. Goma ina nini? Nyumba za mbao zenye mabati yaliyopigiliwa juu ya miti myembamba. Kuta za mawe ya volkano, nyingine zimepangwa tu bila saruji, na zile za wenye mali zina vipande vya chupa juu. Na chini, huko kwa kutua, lava iliyoganda ya volkano yetu, Nyiragongo, iliyolipuka 2002, inayochana kiganja kama kikwangulio. Ukibiringika hapo kama ulivyoona kwenye simu, utaacha ngozi. Mzazi anayekataza anajua pia kwamba mkono ukivunjika bili ya hospitali itamngoja yeye, na mpiga filamu hatakuwepo. Kwa hilo sina jibu la kumpa.

Na bado, kitu ambacho sinema ilikiacha ndicho kingemfaa mtu wa Goma kuliko mji wowote. Mizizi ya parkour imefika kwenye volkano. Mei 1902 mlima Pelée ulilipuka kule Martinique, kisiwa cha Karibi, ukaua watu karibu 30,000 katika mji wa Saint-Pierre. Afisa mmoja kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, Georges Hébert, alishiriki kuwaokoa walionusurika. Inasimuliwa kuwa watu wapatao 700 walitolewa. Alirudi akiwa ameshika wazo moja: kuwa na nguvu ili ufae. Akalifanya kuwa mazoezi ya kukimbia, kupanda, kuruka, kubeba mtu. Mazoezi hayo yaliingia jeshini, na kwa njia hiyo yakamfikia Raymond Belle, mzimamoto wa Paris na baba yake David. Baba alimfundisha mwanawe kufika kwa mtu anayehitaji msaada, na njia ya kurudi salama.

Nilipomsimulia mzee yuleyule habari hii alinyamaza kidogo. Yeye alimbeba mama yake mgongoni Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena, alitembea kwenda mji wa Sake pamoja na umati. Kuruka kizuizi ukiwa umebeba mtu si mambo ya sinema kwake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anayoyafanya kijana yule ukutani yana undugu na usiku ule.

Kuna wanaotumaini kwamba michezo rasmi itasafisha sura. Uingereza iliitambua parkour kuwa mchezo mwaka 2017, shirikisho la kimataifa la jimnastiki likaichukua mwaka uliofuata, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Tokyo mwaka 2022. Wapo warukaji waliopinga wakisema wamenyang'anywa mchezo wao. Mimi naona medali zitabadilisha mtazamo wa watu wenye televisheni ya michezo. Kwa avenyu yetu bado ni mbali.

Kwa hiyo nilimwambia kijana jambo lililoonekana kwangu rahisi: ana simu, ajipige picha yeye mwenyewe, mchana, uwanjani, na aweke yote, mazoezi na makosa, ili majirani waone kazi iliyomo. Akacheka, akanionyesha video aliyoiweka wiki hiyo. Sekunde kumi na mbili, muziki juu, mruko mmoja safi, na Nyiragongo nyuma ikitoa moshi. Nikamuuliza alijaribu mara ngapi kabla ya huo. Ishirini, pengine zaidi.

"Na hizo nyingine ziko wapi?"

"Nilizifuta," akasema. "Simu imejaa. Na zile za kuanguka zinakulaka mega bure."