Fuvu Juu ya Meza Kuu

Shangazi aliposikia kwamba nasomea usanifu wa michoro kwa kompyuta, alichukua kalamu akafuta kipengele cha bango kwenye bajeti ya sendofu ya binti yake. "Mtaalamu tunaye nyumbani," akaiambia kamati. Mtaalamu mwenyewe nilikuwa bado kwenye somo la herufi: zipi zina vijimguu, zipi hazina, na kwa nini Times New Roman, fonti (yaani mtindo wa herufi) ambayo gazeti la The Times la London lilianza kuitumia mwaka 1932, haifai kupelekwa kwenye kila tukio kama pilau.

Nilijituma jamani. Maneno mawili tu, NDOA NJEMA, maana mwalimu alituambia bango husomwa na mtu anayepita, si anayejiandaa na mtihani. Chini nikaweka picha ya maharusi wakitabasamu. Nikashusha kwenye intaneti fonti ya bure yenye mikia ya kujikunja, nikakesha na pengo lililo kati ya O na A. Herufi A ina mabega yaliyoteremka. Ukiiweka jirani na O, jicho linaona shimo kule juu hata kama rula inasema nafasi ni sawa. Nikaisogeza. Nikairudisha. Shangazi akatokea sebuleni saa saba usiku akauliza kama kompyuta imegoma.

"Hapana shangazi, nasogeza A."

Akarudi kulala.

Faili likaenda Kariakoo kwa mchapaji, ndani ya flashi. Sasa, fonti haisafiri na maandishi yako hivihivi. Inabaki kwenye kompyuta yako. Faili likifunguliwa kwenye mashine isiyo nayo, programu inatafuta mbadala yenyewe au inamwachia aliyekaa kwenye kiti achague. Ndiyo maana wazoefu hugeuza maandishi kuwa maumbo kabla ya kupeleka kazi. Somo hilo kwetu lilikuwa la wiki iliyofuata.

Fundi akanipigia nikiwa kwenye daladala, konda anagonga bati na kuita abiria.

"Kaka, fonti yako huku haipo. Nikuwekee ipi?"

"Weka yoyote, mradi isiwe ya kuchosha!"

Fundi alitii. Akateremka kwenye orodha mpaka chini kabisa, huko kwenye W, anakoishi Wingdings.

Kwa asiyemfahamu: Wingdings ni fonti ya Microsoft ya mwaka 1990, na kazi yake ni vialama. Unabonyeza herufi, inatoka picha. J ni sura inayotabasamu. D ni dole gumba lililoelekezwa chini. M ni bomu. N ni fuvu na mifupa yake miwili. Haya, andika NDOA NJEMA.

Bango lilichapwa usiku, likaviringishwa, likapelekwa ukumbini Sinza kwa bodaboda. Wapambaji wakalitundika juu ya meza kuu bila swali. Kiongozi wao aliniambia baadaye kwamba walidhani ndiyo mambo ya kisasa. Mimi nilichelewa kwa fundi cherehani. Naingia mlangoni, bibi harusi naye anaingia kwa muziki, simu zote ziko hewani, nikatazama juu. Fuvu, dole chini, bendera, vidole viwili. Mstari wa pili: fuvu tena, tabasamu, kidole kinachoonyesha kushoto, bomu, vidole viwili. Rangi zilitoka vizuri sana. Na lile pengo kati ya bendera na vidole, nasema kweli, lilikuwa safi.

MC akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, bango letu leo linasema..." Akaangalia juu. "Linasema lenyewe."

Pengine yangeishia hapo, lakini sisi ni watu wa kanga. Bibi yangu hajawahi kupishana na kanga asiisome na kumjua aliyelengwa. Akavaa miwani, akaanza kufasiri, na kwa vile hasikii vizuri, ukumbi mzima ukafaidi.

"Fuvu, halafu mtu anacheka. Huyu kafurahia msiba. Kidole kinaelekea kushoto..." Akageuza shingo kushoto. Meza nzima ikageuka naye.

Kushoto walikaa wakwe.

Meza ya vijana walikuwa wanabishana kuhusu vile vidole viwili, kama kamati imeingiza siasa kwenye shughuli. Mshenga wa upande wa bwana harusi akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaja mpaka niliposimama. Sijui nani alimwonyesha.

"Kijana, shikamoo huleti?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wazee wamenituma. Fuvu wamelielewa. Wanaomba kufafanuliwa bomu."

Nikaeleza. Nikaeleza fonti, nikaeleza mbadala, na kwa kutaka kumtuliza nikamwambia hata Marekani yalishatokea: mwaka 1992 watu waliandika NYC, kifupi cha jiji la New York, kwa fonti hiyohiyo, wakapata fuvu, Nyota ya Daudi na dole gumba la kukubali. Malalamiko yakawa makubwa, Microsoft wakajitetea kwamba si kusudi.

Mshenga alisikiliza hadi mwisho, kichwa kakiinamisha.

"Kwa hiyo Marekani walilalamika."

"Ndiyo mzee."

"Na nyie mkazijua habari hizo."

"Ndiyo mzee."

"Na bado mkaweka."

Faini ilikuwa mbuzi mmoja na kreti mbili za soda, na shangazi akailipa kwa ile hela aliyoiokoa kwenye bango.

Usiku, tukikusanya viti, mjomba aliomba apewe kipande cha juu. Ana kiwanja Chanika ambacho matapeli wameshajaribu kukiuza, pamoja na kwamba ukutani ameandika HAKIUZWI kwa rangi nyekundu. Akalitundika getini: fuvu, dole chini, bendera, vidole viwili. Hajasumbuliwa tena. Juzi kanipigia, anataka na la upande wa barabarani, ila safari hii fuvu liwe kubwa zaidi.