Kufuta kesi nako ni siasa: sakata la Eric Adams

Septemba 26, 2024, waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho huko Manhattan waliweka hadharani hati ya mashtaka dhidi ya meya wa New York, Eric Adams. Makosa yalikuwa matano: njama, ulaghai, rushwa, na mawili ya kutafuta michango ya kampeni kutoka kwa raia wa kigeni. Katika zama hizi hakuna meya wa jiji hilo aliyekuwa amewahi kushtakiwa akiwa bado ofisini.

Hati yenyewe ilisomeka kama riwaya. Ilidai kwamba meneja wa shirika la ndege la Uturuki alitaka kumkatia Adams tiketi kwa dola 50, na msaidizi wa Adams ndiye aliyeshtuka: bosi anaangaliwa kila hatua, andika kama dola 1,000 hivi, angalau ifanane na ukweli. Halafu kuna jengo la ubalozi mdogo wa Uturuki, ghorofa 36, ambalo Adams alidaiwa kuwabana watu wa zimamoto mwaka 2021 walipitishe haraka, Rais Erdoğan akija alikute wazi. Adams alikana yote. Alisema anaadhibiwa kwa kuilaumu serikali ya Biden kuhusu wahamiaji.

Mabishano mengi yaliishia hapo: mwizi au kaonewa? Kwangu mimi uzito wa kesi hii uko kwenye namna ilivyofutwa.

Februari 10, 2025, wiki tatu baada ya Trump kuapishwa, kaimu naibu mwanasheria mkuu, Emil Bove, ambaye kabla ya hapo alikuwa wakili wa utetezi wa Trump, aliagiza kesi iondolewe. Alitoa sababu mbili. Kwanza, mashtaka yalifunguliwa karibu mno na uchaguzi wa umeya wa 2025. Pili, kesi inamzuia meya kushughulikia wahamiaji haramu na uhalifu. Aliongeza, kwa maandishi, kwamba uamuzi huo haukutokana na kupima ushahidi. Na mashtaka yangeondolewa kwa namna ambayo yanaweza kurudishwa wakati wowote.

Siku tatu baadaye Danielle Sassoon, kaimu mkuu wa ofisi ya waendesha mashtaka wa shirikisho ya Manhattan, alijiuzulu. Kwenye barua yake kwa Mwanasheria Mkuu Pam Bondi alieleza kikao cha Januari 31 ambapo, kwa maneno yake, mawakili wa Adams walikuwa wakiomba kitu kisicho tofauti na nipe nikupe: meya asaidie kwenye uhamiaji, kesi ife. Alisema pia kwamba Bove alimkaripia mmoja wa wenzake aliyekuwa akiandika yanayosemwa, na kuamuru karatasi hizo zikusanywe. Wakili wa Adams alisema huo ni uongo mtupu. Lakini Februari 14 Tom Homan, msimamizi wa mipaka wa Trump, alikaa na Adams mbele ya kamera za Fox na kusema, nusu utani, kwamba meya asipotimiza atamfuata ofisini kumuuliza makubaliano yao yako wapi.

Sasa, upande wa Trump una hoja, tena si nyepesi. Katiba ya Marekani inampa rais mamlaka yote ya utendaji, na kushtaki ni kazi ya utendaji. Waendesha mashtaka hawakupigiwa kura na mtu. Akikosea mmoja, nani atamdhibiti kama si aliyechaguliwa?

Na wamekosea kweli. Ted Stevens, seneta wa Alaska kwa miaka 40, alitiwa hatiani Oktoba 27, 2008 kwa kutotangaza zawadi. Siku nane baadaye kura zikapigwa, akashindwa kwa kura zisizofika 4,000. Aprili 2009 serikali yenyewe ikarudi mahakamani kuomba kesi ifutwe, kwa kuwa ilibainika waendesha mashtaka walificha ushahidi ambao ungemsaidia. Hatia ilifutika, kiti hakikurudi. Aliyekichukua, Mark Begich, alikuwa miongoni mwa maseneta 60 waliopitisha bima ya afya ya Obama Desemba mwaka huo, na 60 ndizo zilizohitajika kuvunja kizuizi cha Republican. Yaani kesi iliyoharibiwa na mawakili wa serikali iliacha alama kwenye sheria kubwa kuliko zote za muhula ule.

Lakini mfano huo huo ndio unaompinga Bove. Kesi ya Stevens ilifutwa kwa sababu ya ushahidi. Ya Adams ilifutwa na mtu aliyesema ushahidi hakuutazama. Na Sassoon ni vigumu kumuita kibaraka wa Democrats: ni mhafidhina aliyefanya kazi chini ya Jaji Antonin Scalia, yule yule ambaye mwaka 1988 alisimama peke yake Mahakama Kuu kabisa ya nchi akisema mamlaka ya kushtaki ni ya rais, hayagawanyiki.

Kuhusu karibu na uchaguzi: mchujo wa Democrats, chama cha Adams, ulikuwa Juni 2025, miezi tisa baada ya mashtaka. Tukiikubali kanuni hiyo, mwanasiasa wa Marekani atashtakiwa lini?

Kinachonikera zaidi ni kile kipengele cha kurudisha. Watanzania tunakijua: DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anasema hana nia ya kuendelea, mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kufunguliwa mashtaka yale yale tena. Kenya iliamua tofauti; Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inamtaka DPP apate ruhusa ya mahakama kabla ya kuondoa kesi. Kanuni ya 48 ya mashauri ya jinai ya shirikisho la Marekani inafanana na ya Kenya, na kwa mlango huo Jaji Dale Ho, aliyekuwa akisikiliza kesi ya Adams, aliingia.

Aprili 2, 2025, Ho aliifuta kesi moja kwa moja, isirudi tena. Aliandika kwamba kila kitu kilinuka biashara ya kubadilishana, na kwamba kesi iliyoachwa ikining'inia ingewafanya watu waone uhuru wa meya unategemea utii wake kwa Washington. Wapo waliomlaumu kwa kumpa Adams zawadi kubwa kuliko aliyoombewa. Naelewa hasira yao, ila jaji hawezi kuilazimisha serikali iendeshe kesi isiyoitaka. Akifanya hivyo anakuwa hakimu na mshtaki kwa pamoja.

Kisiasa, kamba ilikuwa imekatwa lakini mti ulishakauka. Adams alijitoa kwenye mchujo wa chama chake siku iliyofuata, akagombea kama huru, akaacha mbio Septemba 28. Novemba 4 jiji likamchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala. Bove naye sasa ni jaji wa rufaa wa maisha, aliyepitishwa na Seneti kwa kura 50 kwa 49.

Kisha mambo yakageuka. Septemba 20, 2025, Trump alimwandikia Bondi mtandaoni, hadharani, akilalamika kwamba wapinzani wake hawajashtakiwa. Siku tano baadaye James Comey, mkurugenzi wa zamani wa FBI, alishtakiwa na Lindsey Halligan, wakili wa zamani wa Trump aliyekuwa ndiyo kwanza amewekwa kuwa kaimu mkuu wa waendesha mashtaka wa shirikisho mashariki mwa Virginia. Waliolalamika mwaka 2023 kwamba Biden anatumia mahakama kama silaha wengi wao walinyamaza. Mkuki kwa nguruwe.

Hapo ndipo mlango wa Ho haupo. Kanuni ya 48 inamhusisha jaji kwenye kufuta, haimpi neno lolote kuhusu nia ya aliyeagiza kushtaki. Comey alilazimika kuomba kesi itupwe kwa hoja ya kisasi, ambayo mahakama za Marekani huikubali kwa nadra sana. Novemba 24 kesi ilifutwa, lakini kwa sababu Halligan hakuteuliwa kihalali. Ile ya kisasi haikuamuliwa.