Mama hayupo nyumbani, ila yumo daftarini

Fomu ya sensa ya Ayalandi ya tarehe 2 Aprili 1911 ina safu inayomuuliza mwanamke aliyeolewa mambo matatu: ndoa ina miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na wangapi wangali hai. Tuseme kaya moja ya kijijini imejibu kuwa mama amezaa 8 na waliobaki ni 6. Hesabu waliomo ndani: wako 7. Huyo wa saba ameandikwa mtoto wa mwenye nyumba kama wenzake, ila amepishana miaka 9 na anayemtangulia, na bibi mwenyewe amefika 51. Hapo pana uwezekano mkubwa kwamba mtoto ni wa binti mkubwa. Bibi alimchukua akamlea kama wake, na mama mzazi akabaki kuitwa dada, au akapanda meli ya kwenda Uingereza asirudi tena.

Msimamo wangu ni huu: anayemtafuta mama wa namna hiyo aanze na makaratasi, wazee wafuate baadaye. Wazee hao si watu wabaya. Walikua katika nchi ambayo mtoto wa nje ya ndoa alibeba hadhi hiyo kisheria hadi sheria ya 1987 ilipoifuta. Sisi tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Kule walifunika kombe, na mwanaharamu mwenyewe wakamfunika humo humo. Ukiwauliza mikono mitupu watakuambia mama "alikwenda kwa ndugu". Ukiwa na cheti mkononi, huwaombi wakutobolee siri, unawaomba wakueleze jambo unalolijua tayari. Mtu aliyekaa kimya miaka 60 hupata nafuu kubwa hapo.

Cheti cha kuzaliwa kisome polepole. Mtoto wa ndoa, mama yake huandikwa kwa majina mawili, la mume na la ukoo aliozaliwa. Asiyeolewa ana jina moja tu, na safu ya baba ina mstari mtupu. Kisha tazama mahali alipozaliwa na nani alitoa taarifa. Ikiwa ni taasisi, na mtoa taarifa ni mtumishi wa hapo, umeshajua wapi pa kubisha hodi. Rekodi za uzazi zilizotimiza miaka 100, za ndoa miaka 75 na za vifo miaka 50 zinasomwa bure katika tovuti ya irishgenealogy.ie. Usishtuke ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa: kuchelewa kusajili kulikuwa na faini, kwa hiyo wazazi walisogeza tarehe mbele. Liamini daftari la kanisa.

Kosa linalowaangusha wengi ni kushika jina la mtu wakaliacha jina la kitongoji. Parokia moja inaweza kuwa na akina Mary Walsh watano wa rika moja. Kitongoji ndicho kinachowatenganisha.

Mama asipoonekana kwenye vyeti vya ndoa, usikimbilie kudhani alitoroka. Wapo waliofia kwenye uzazi au kifua kikuu, na wapo waliopelekwa hospitali za vichaa wakasahaulika humo. Katika sensa za 1901 na 1911 wagonjwa wengi wa hospitali hizo wameandikwa kwa herufi za mwanzo tu za majina yao: M.K., mke wa mkulima, umri, kaunti. Ukiijua kaunti na umri, herufi mbili zinatosha kuanzia.

Halafu kuna nyumba za mama na mtoto, yaani taasisi walikopelekwa wajawazito wasioolewa kujifungulia. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Januari 2021 iliangalia taasisi 18 na kukuta wamepita humo wanawake wapatao 56,000 na watoto 57,000. Watoto kama 9,000 walifariki. Kwa nyumba ya Tuam, kaunti ya Galway, iliyofungwa mwaka 1961, Catherine Corless, mtafiti wa historia wa eneo hilo, alikusanya vyeti vya vifo vya watoto 796, kimoja kimoja, na ufukuaji wa eneo ulianza Julai 2025. Kati ya watoto wa nyumba hizi wamo wenye baba Waafrika, baadhi yao wanafunzi waliokuja kusoma, kwa hiyo kuna familia za upande wetu ambazo nazo zina ndugu kule bila kujua.

Aliyeasiliwa hahitaji tena kubembeleza. Tangu Oktoba 2022 sheria inampa mtu wa miaka 16 au zaidi haki ya cheti chake cha kuzaliwa na taarifa za mwanzo wa maisha yake. Mama akiwa amesema hataki mawasiliano, mwombaji hupitia kwanza kikao cha maelezo, kisha anapewa. Naiona sheria hii ni ya haki, ingawa imechelewa sana kwa wengi.

Kipimo cha vinasaba kiwe cha mwisho, na kisomwe kwa uangalifu. Mama na dada wa baba mmoja mama mmoja wote mnashirikiana nao karibu nusu ya vinasaba, na hapo ndipo watu wanapokosea. Tazama sentimogani, kizio kinachoonyesha wingi wa vinasaba mnavyoshirikiana: mama hukaribia 3,400, dada huzunguka 2,600. Ndugu wa upande mmoja na mama mdogo hawatofautiki kwa namba peke yake. Umri ndio unaoamua. Vijijini ambako koo zimeoana vizazi vingi, namba za jamaa wa mbali huvimba.

Ukimpata akiwa hai, mwandikie barua, usiende mlangoni. Bahasha iwe ya kawaida, isiwe na nembo ya shirika lolote, kwa maana huenda mumewe na watoto hawajui. Ndani andika tarehe yako ya kuzaliwa, mahali, na kwamba u mzima. Usilete lawama, usitaje baba. Weka namba yako ya simu, na umpe miezi kadhaa kabla ya kuandika tena.