Kujibu kesi ya deni si kukubali deni

Kuna ushauri unaozunguka kati yetu hapa Texas, kwenye sauti za WhatsApp na nje ya kanisa baada ya ibada, nao unaniumiza kila niusikiapo: "Ukiletewa karatasi za korti kwa ajili ya deni, usijibu. Ukijibu, umelikubali." Si kweli! Na wanaoufuata ndio wanaoamka siku moja wakakuta akaunti ya benki imezuiwa.

Kesi nyingi za kadi na mikopo midogo hufunguliwa Justice Court, korti ya madai madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000. Ukishakabidhiwa karatasi una siku 14 za kupeleka jibu la maandishi. Hesabu kuanzia kesho yake, Jumamosi na Jumapili zimo. Siku ya 14 ikiangukia wikendi au sikukuu ya kisheria, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Wengi hukwama hapa kwa sababu karatasi zile mara nyingi hazitaji siku ya kufika kortini, basi wanakaa wakingoja kuitwa. Hutaitwa. Usipojibu, jaji anaweza kutoa hukumu bila wewe.

Jibu lenyewe ni ukurasa mmoja kwa Kiingereza: namba ya kesi, majina ya pande zote mbili, anwani na simu yako, sahihi, na sentensi moja kwamba unakana madai yote ya mdai na unataka ayathibitishe. Kupeleka jibu hakuna ada ya korti. Mpe karani, omba nakala yako igongwe muhuri, na nyingine mtumie wakili wa mdai.

"Lakini nilikopa kweli, nitakanaje mbele ya Mungu?" Swali hili naliheshimu kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu waaminifu washindwe. Kukana huko si kiapo. Ni kumwambia mdai: thibitisha. Thibitisha kwamba deni hili ni mali yako wewe unayeshtaki, na kwamba hesabu ni sahihi. Siku ya kusikilizwa, ukiulizwa chini ya kiapo kama kadi ilikuwa yako, sema ukweli wote. Anayekushtaki mara nyingi si benki uliyokopa. Ni kampuni iliyonunua deni lako pamoja na ya watu wengine wengi. Kanuni ya 508 ya korti hizi inamtaka aeleze mkopeshaji wa kwanza ni nani, benki ililifuta lini deni kwenye vitabu vyake na likiwa kiasi gani, na lilihamishwa lini kutoka mkono hadi mkono. Linganisha na taarifa zako za zamani. Huenda ukakuta malipo uliyofanya hayamo, au riba haieleweki. Tazama pia muda: kwa kawaida ana miaka 4 tangu uliposhindwa kulipa. Kama imepita, liandike hilo kwenye jibu.

Ni kweli, nakiri, kwamba Texas hairuhusu mshahara ukatwe kazini kwa deni la kadi, na wapuuzaji hujivunia hilo. Mshahara ukishaingia benki, kinga hiyo imekwisha. Hukumu huishi miaka 10 na inaweza kuhuishwa.

Umechelewa? Peleka jibu leo hiihii. Kabla jaji hajasaini hukumu ya upande mmoja, jibu lako linamzuia kuisaini, na kesi inapangiwa tarehe. Akishasaini, una siku 14 za kuomba aitengue, au 21 za kukata rufaa.

Ukitaka kulipa kwa awamu, sawa, ila makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla hujatuma hata dola moja, yakisema kesi itafutwa kabisa, isifunguliwe tena. Usiache kujibu kwa kuwa mtu wa simu amekuahidi kupanga mambo. Siku 14 zinaendelea kuhesabika mkiwa mnaongea. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, ombi la mkalimani wa Kiswahili lipeleke kwa maandishi pamoja na jibu, usingoje asubuhi ya kesi.