Fortran ina ngeli zake

Jumla ya mvua ya mwezi mzima ilipungua kwa karibu milimita kumi, na sikujua zilikokwenda. Nilikuwa nimepewa rekodi za zamani za kituo kimoja, zilizoandikwa kwa inchi, nizigeuze ziwe milimita kisha nijumlishe. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa kusoma, kuzidisha na kujumlisha. Kikokotoo cha mkononi kilinipa jumla moja, programu yangu ya Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ikanipa nyingine, na hakukuwa na ujumbe wowote wa kosa.

Mstari uliohusika ni huu, ambapo i ni namba ya siku:

mvua = inchi(i) * 25.4

Nilikesha nao. Mwishowe nikaamua kuchapisha kila siku peke yake, nikaona. Siku yenye inchi 0.37 ilipaswa kutoa 9.398, ikatoa 9. Siku ya manyunyu, yenye inchi 0.03, ilipaswa kutoa 0.762, ikatoa sifuri. Manyunyu yote ya mwezi ule yalifutika, na kila siku ya mvua kubwa ilikatwa mkia.

Sababu ni ya zamani kuliko mimi. Fortran ilitolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya timu iliyoongozwa na John Backus, kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Tangu mwanzo waliweka desturi: kigeu (mahali penye jina panapohifadhiwa thamani) ambacho jina lake linaanza na I, J, K, L, M au N huhesabiwa kuwa namba nzima, herufi nyingine zote ni za desimali. Wanahisabati walishazoea kuhesabia kwa i, j na n, basi desturi hiyo iliwafaa. Desturi haijafutwa mpaka leo. Usipotangaza aina ya kigeu, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, inaangalia herufi ya kwanza na kuamua yenyewe. Safu ya inchi, yaani orodha ya vipimo vya siku zote, nilikuwa nimeitangaza kuwa ya desimali, maana safu lazima utaje ukubwa wake. Mvua sikuitangaza.

Sasa mfikirie Mswahili anayevipa vigeu vyake majina ya lugha yake. Mvua, muda, mwendo, mto, kina, kimo, kasi, kiwango, joto, jumla, nguvu, nishati. Yote yanaanguka humo humo kati ya I na N. Majina yetu yanayoanza kwa M, KI na N ndiyo yaliyojaa katika vipimo vya kisayansi, na yote Fortran inayageuza kuwa namba nzima kimyakimya. Anayeandika rain kwa Kiingereza anapona, kwa kuwa R iko nje ya mpaka. Lugha hii ina ngeli zake, kiambishi chake ni herufi moja, na upatanisho wake ni wa kukata desimali.

Dawa ni maneno mawili mwanzoni mwa programu: implicit none. Yaliingizwa katika kiwango cha Fortran 90. Ukiyaandika, kompaila inakataa kuendelea mpaka utaje kila kigeu ni cha aina gani. Ningeyaandika siku ile, ingesimama kwenye neno mvua kabla sijapoteza usiku.

Kwa hiyo nasema wazi: mwanafunzi wa fizikia, uhandisi, jiolojia au hali ya hewa asimalize shahada bila misingi ya lugha moja ya kukompailiwa, na kwa sayansi yetu ningeanza na Fortran. Siipingi Python, lugha nyingine ya programu. Naitumia kila siku kusafisha data na kuchora grafu. Lakini ukiiambia NumPy, kifurushi cha hesabu cha Python, ikutatulie mfumo wa milinganyo, kazi inapelekwa kwa maktaba ya LAPACK (mkusanyiko wa programu za hesabu zilizo tayari) au mfano wake, na LAPACK imeandikwa kwa Fortran. WRF, modeli ya hali ya hewa inayotumika katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, sehemu yake kubwa ni Fortran. Tunategemea msimbo huu kujua kama wiki ijayo itanyesha. Ni vibaya wasomi wetu waishie kuuendesha bila kuweza kuusoma.

Kuna jambo jingine ambalo lugha ya kukompailiwa inakufundisha, nalo ni kuiona kumbukumbu ya kompyuta. Chukua jedwali la joto, safumlalo 1000 kwa safuwima 1000. Fortran inalihifadhi kwa kushuka: safuwima ya kwanza yote kutoka juu hadi chini, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kichakataji nacho hakichoti namba moja moja. Kwa kawaida kinachota baiti 64 kwa mkupuo, yaani namba nane za usahihi maradufu. Ukipita jedwali kwa kushuka, namba zote nane unazitumia. Ukipita kwa kwenda kando, unatumia moja, saba zinarudishwa bila kuguswa, unachota tena. Hesabu ni ile ile na jibu ni lile lile, ila programu moja inamaliza na nyingine bado inahangaika. Kubadili mpangilio wa vitanzi viwili, yaani amri za kurudia kazi, kunatosha. Nilipoona tofauti hiyo kwa macho yangu, niliacha kulalamikia kompyuta ndogo niliyokuwa nayo.

Misingi yenyewe haihitaji muhula mzima. Aina za namba, vitanzi, safu, subrutini (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina), kusoma na kuandika faili: wiki tatu za jioni zinatosha kwa mtu anayejua Python. Gfortran, kompaila ya Fortran, ni ya bure. Iendeshe na -Wall ili ikuonye, na -fcheck=all ili isimamishe programu ukivuka mpaka wa safu. Ujue pia mapema kwamba 5/9 katika Fortran ni sifuri, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima hutoa namba nzima. Aliyegeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi kwa njia hiyo atapata baridi ya kuganda kila siku, hata kama kituo chake kiko Tanga.

Chuoni tulipewa WRF tukafundishwa kubadilisha tu faili la namelist, lenye mipangilio ya modeli. Andika mp_physics = 1, tukaambiwa, hiyo ni Kessler, njia mojawapo ya kukokotoa mawingu na mvua. Nikaandika moja kwa miaka miwili. Baada ya kisa cha mvua yangu iliyopotea nilifungua faili la module_mp_kessler.F, nikalisoma polepole, penseli mkononi. Humo ndani kuna kigeu c2, thamani yake .001. Maji ya wingu yakizidi gramu moja kwa kila kilo ya hewa, ziada yake inaanza kugeuzwa kuwa mvua. Nilipiga mstari chini yake, kisha nikarudi kuangalia mwanzoni mwa faili kama wametangaza c2 ni ya aina gani. Wametangaza.