Moteri ya shemeji na ile namba 85

Shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, akiangalia video moja kwenye simu anaamka kesho yake ni mekanisiye. Na mimi kosa langu ni kwamba niko na ordinateri.

Gari yake, ile ya volan kuume kutoka Japani, ilikuwa inakunywa esanse bila huruma, moshi mweusi nyuma, kupanda Munigi tu inalia, na taa ya moteri haizimi kwenye tablo. Basi akaenda Birere akanunua kile kidude cha blutufu, unakichomeka chini ya volan kwenye prizi ya matundu 16, halafu ordinateri inasoma kila kitu moteri inasikia. Prizi yenyewe Wamarekani waliilazimisha kwa magari yote mapya tangu 1996, shemeji alinieleza hiyo kabla hata ya kunisalimia.

"Muramu, leta masini, leo tunapima."

Batri ya ordinateri yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo nikavuta ralonji toka dirishani mpaka kwenye gari, nikakaa kwenye kiti na waya shingoni. Kodi ya kosa ikatoka: P0172, maana yake mchanganyiko una esanse nyingi. Hiyo tulijua tayari, hata jirani wa ng'ambo ya barabara aliijua kwa pua. Lakini shemeji alitaka namba. Kontakti imefunguliwa, moteri haijawashwa, akaona kwenye mstari wa kaptere ya presyo ya hewa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa ya moteri: 85, kwa kilopaskali.

Akapiga kelele. "Unaona! Kwa ile video ya mzungu ilikuwa 101! Kaptere imekufa!"

Sikubishana, mimi kazi yangu ni kuwafungia watu Windows. Akapanda pikipiki, akarudi na kaptere ya okazyo, iliyotumika tayari. Tukafunga: 85. Akarudi Birere kugombana, akaleta nyingine: 85. Na katika ile funga-fungua mtu akaacha waya ya kaptere ya joto la maji ikining'inia, sasa ordinateri ikaandika kwamba moteri iko -40. Goma! Hata kule juu Nyiragongo, mita 3,470, hakuna mtu ameona -40. Ile namba ndiyo masini inaandika ikikosa waya, lakini sisi hatukujua, watoto wa parsele wakaanza kupita mmoja mmoja kugusa moteri waone kama ina barafu, na mama mkwe akatoka ndani na shali.

Njo pale mwenye pyesi, yule wa Birere aliyemuuzishia zile kaptere, akafika. Alipata habari kwamba kuna mtu anatangaza eti anauzisha pyesi za wafu, akaja mwenyewe na pikipiki, amekasirika, na kundi la watu nyuma yake kwa sababu Goma ugomvi hausafiri peke yake.

Mtoto wa dada yangu, ako sekondari, akasema polepole, "Tonto, 101 ni ya baharini. Hapa ziwa tu liko mita 1,460, hewa ni kidogo, ni 85 sawasawa." Shemeji akacheka. Akatoa simu, akafungua meteo: Goma, presyo elfu moja na kumi na kitu, kwa ektopaskali. "Gawanya kwa kumi! Ni 101! Simu nayo iko baharini?" Kundi likampigia makofi. Yule mtoto akajaribu kueleza kwamba watu wa meteo wanahesabu presyo zote kama vile kila mji uko usawa wa bahari, ndiyo waweze kuzilinganisha, lakini nani atasikiliza mtoto wakati simu imeongea.

Mwenye pyesi hakutaka hesabu. Akafungua kapo, akachomoa ile tiyo ndogo ya mpira inayoleta hewa ya moteri kwa kaptere, upande wa moteri, akaweka mdomoni, akavuta pumzi. "Ikiwa nzima, namba itashuka!"

Nikaangalia. Kidude cha bei rahisi kinasoma kwa kuchelewa, kwa hiyo jamaa anavuta, macho yanatoka, mishipa ya shingo imesimama, na mimi nasema "bado… bado papa… endelea kidogo…" 85. Kundi lote: "IMEKUFAAA!" Shemeji akaanza kucheza.

Lakini yule papa hakutoa tiyo mdomoni. Akaipapasa kwa vidole, akasimama katikati, akabana, akavuta tena. 68.

Kimya. Tiyo ilikuwa imepasuka. Hewa ya nje inaingia humo, kaptere inadhani moteri iko na kazi nyingi, basi ordinateri ya gari inamwaga esanse. Na jibu lilikuwa kwenye skrini tangu asubuhi: moteri ikizunguka bila kukanyaga, ile namba ilipaswa kushuka kwenye thelathini na kitu, yetu ilikuwa inabaki 60, ila hakuna aliyeangalia hapo kwa sababu wote tulikuwa tunalia na 85.

Kipande cha tiyo kilipatikana kwa bei ya soda. Moshi ukaisha, waya ya joto tukaichomeka, mama mkwe akarudisha shali. Shemeji akataka arudishiwe pesa za kaptere, mwenye pyesi akamwangalia, midomo imejaa masizi, akawasha pikipiki yake.

Zile kaptere ako nazo bado, kwenye kabati, zimefungwa vizuri mu sashe. Anasema hauzi, siku atakayoshuka na gari mpaka Moanda, baharini, zitaonyesha 101 na mimi nitaaibika.