Tranka Lenye Homa

Ukichaguliwa chuo awamu ya kwanza unapata kozi, kitanda na muda wa kulizoea jiji. Ukichaguliwa awamu ya pili unapata kozi.

Mimi nilikuwa wa awamu ya pili. Nilishuka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis usiku, nikitokea Makete, mkoani Njombe, kona za Kitonga na pori la Mikumi vyote bado vinanizunguka kichwani. Mzigo wangu ulikuwa begi la nguo, kiroba cha maharage alichonifungia mama, na tranka la bati nililokuwa nalo tangu kidato cha kwanza, limeandikwa jina langu kamili kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama bango la mganga wa tiba asili. Kaka zangu walisema tranka libaki, chuo si bweni la sekondari. Mama akasema bati panya hawalitoboi. Bweni lile nimelala, na kuhusu panya mama alikuwa sahihi.

Chuo chenyewe sikitaji. Kiko Dar es Salaam na wahusika wengine bado wako kazini. Ofisi ya malazi waliniambia nafasi zimejaa, nisubiri tangazo, basi nikampigia kaka mmoja wa kwetu aliyekuwa mwaka wa tatu, uhandisi, bweni zima linamwita Injinia. Akajibu neno moja tu la heri: "Dogo njoo, nitakubeba."

Kwa ambao hamkupita huko: mwenye kitanda ndiye anayebeba, asiye nacho anabebwa. Mnalala mzungu wa nne, miguu yake inapumulia usoni kwako, na kwenye daftari la wodeni wewe hujazaliwa. Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, tukilala saba. Mbebwa hachagui upande wa ukutani, na kwenye mjadala wa feni hana kura. Ndoo ikiisha maji yeye ndiye anayetakiwa kuliona hilo kabla ya mwingine yeyote. Wodeni akitokea, mbebwa ni mgeni aliyepita kuazima desa, yaani notsi za masomo, na alikuwa anaondoka sasa hivi.

Tatizo kubwa lilikuwa tumbo. Bodi ya Mikopo hupiga hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi (ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa mwaka 2022), ila hela hiyo haiji siku kwa siku, inakuja kwa mkupuo, ndiyo hilo boom mnalolisikia. Mimi nilichelewa kuripoti, usajili haujakamilika, kwa hiyo sikuwa na cha kusaini. Nikawa mtu wa pasi ndefu: chai na chapati asubuhi, halafu naelea hadi usiku. Jioni nakaa kimbwetani, kwenye mabenchi ya nje ya kusomea, na desa la Stadi za Maendeleo, nasoma aya moja kuhusu umaskini mara tatu bila kuielewa, na kuielewa kabisa tumboni.

Na muda wote huo kiroba cha maharage kipo chini ya kitanda.

Kupika chumbani ni marufuku. Limebandikwa tangazo nyuma ya mlango, lina muhuri. Injinia alilisoma, akaniambia, "Imeandikwa marufuku kupika chumbani. Sisi tutapika ndani ya tranka." Alikuwa na jiko la umeme la sahani moja alilonunua Kariakoo. Akatoboa tundu nyuma ya tranka langu la kupitishia waya, akatandika matofali mawili ndani, jiko juu yake, sufuria juu ya jiko. Kifuniko cha tranka tunakiegemeza na ndala ili pumzi ipite, harufu ibaki. Nilipouliza kama maharage yataiva humo, akanipa mhadhara wa bure.

"Kwenu Makete ni juu, zaidi ya mita elfu mbili. Maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenye 93 hivi. Ndiyo maana mama yako anapika maharage kutwa nzima. Huku tuko usawa wa bahari, maji yanafika 100 kamili. Dogo, haya maharage hayajawahi kukutana na moto kama huu. Themodainamiki hiyo."

Maskini mama. Miaka yote nilidhani ni kuni mbichi.

Basi Jumamosi moja ya Novemba, joto la Dar limekaza, nikateuliwa mpishi. Uteuzi haukuwa na mpinzani. Nikachambua, nikaosha, nikaweka, mwiko mkononi, ufunguo wa tranka shingoni kwa kamba kama tulivyofundishana sekondari. Muda ukaenda. Harufu ikaanza ile ya kwetu, ya nyumba yenye moshi na watu wengi, nikawa nimefumba macho kabisa, mara koridoni mtu akapaza sauti: "Maji yametokaaa!"

Hilo ndilo lilikuwa neno la hatari. Maana yake wodeni yumo ndani ya bweni. Wiki yangu ya kwanza nilipolisikia nilitoka mbio na ndoo nikaenda kugongana naye kwenye ngazi, ila hicho ni kisa kingine.

Chumba kikageuka. Mbebwa mmoja akaingia kabatini. Wa pili akatoka kibarazani na shati, akaanza kuanika. Injinia akapiga kifuniko cha tranka chini, akabana kufuli, akatupia taulo juu. Mimi nikazama uvunguni. Ni pale chini, shavu langu liko kwenye sakafu, nilipouona waya. Ulikuwa umetoka nyuma ya tranka, umepita ukutani, umeingia kwenye soketi ya upande wa pili wa chumba, na swichi yake imewaka taa nyekundu.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo mama," wakaitika kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Humu mko wangapi?"

Wodeni wetu alikuwa mama mtu mzima, magoti yanamsumbua, na chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne. Nyuma yake walikuwepo askari wawili wa chuo.

"Wanne tu, mama."

"Wanne. Na ndala jozi saba?"

"Tunapenda ndala, mama," akasema Injinia.

Mama akahema. Akaangaza pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja, kimebeba nguo chafu za wiki nzima. "Ngoja nishushe pumzi kidogo," akasema, "hizi ngazi zenu zitanitoa roho." Akakaa juu ya tranka.

Kutoka uvunguni nilikuwa naona viatu vyake vya kahawia na ubavu wa tranka, shubiri moja kutoka puani kwangu. Nilikuwa nasikia pia. Maharage yakifika pale yalipofikia huwa yanaongea, na kifuniko cha sufuria kinacheza: kwata, kwata, kwata-kwata. Injinia akaanza kukohoa kwa mdundo uleule. Mwenzake akawasha redio, akaiongezea sauti, ikaangukia kwenye bei ya ng'ombe mnada wa Pugu. Chumba cha vijana wanne, Jumamosi alasiri, wote wamekaa kimya wanafuatilia bei ya ng'ombe.

"Mama," askari mmoja akasema, "hapa pananukia maharage."

Mwenzake akavuta hewa. "Ya nazi?"

"Hapana. Chukuchuku."

"Ninyi kila mlango mnasikia chakula," mama akawakemea. Akajisogeza upande wa kushoto. Baada ya muda akajisogeza upande wa kulia. "Chumba chenu kina joto."

"Dar hiyo, mama," Injinia akasema, akaendelea kukohoa.

"Siyo la Dar hili. La Dar linatoka juu. Hili linatoka chini."

Viatu vikasimama. Akatoa taulo, akageuza kiganja, akaweka mgongo wa mkono juu ya bati vile mzazi anavyompima mtoto kwenye paji la uso.

"Mbona hili tranka lina homa?"

Hakuna aliyejibu. Pugu wakatangaza mbuzi.

"Kuna nini humu ndani?"

"Vitabu, mama."

"Vitabu gani vinachemka?"

"Vya themodainamiki."

Mimi naapa, alilisema bila kutikisa nyusi. Ningekuwa wodeni ningempa shahada palepale. Lakini mvuke haujui uongo, na sekunde hiyohiyo ukaamua kutokea kwenye tundu la kufuli, mwembamba, umenyooka, na kamluzi kake. Askari wa chukuchuku akarudi nyuma hatua mbili. Mama hakurudi. Alikuwa ameinama, maana taulo lilipotoka, maandishi mekundu yalibaki uchi. Akavaa miwani, akafungua daftari lake, akasoma kwa sauti jina langu, halafu la baba, halafu la babu, moja moja, anaweka kituo kila mahali.

Sasa nielewesheni. Nilikaa bweni miaka sita. Asubuhi na jioni, mvua au baridi ya Makete, jina likisomwa kwa sauti ya namna ile mwenye jina anaitika, asipoitika anafyeka nyasi. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Nipo!"

Hata kikohozi cha Injinia kilikatika.

"Nani kaitika?" mama akauliza.

"Mwangwi, mama," Injinia akasema, ila sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa na maisha.

"Mwangwi wa uvunguni?"

Kimya.

"Wewe wa uvunguni."

"Naam, mama."

"Ufunguo unao?"

"Ninao, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Toka nao."

Kutoka uvunguni na heshima haviendani. Nilitanguliza mkono, na mkono uliotangulia ndio ulikuwa na mwiko, askari wa pili akaruka akidhani nimeshika rungu. Kichwa kikafuata na utando wa buibui, soksi ya mtu nisiyemjua imening'inia sikioni. Mbebwa wa kabatini alikuwa anachungulia kwenye ufa. Kicheko kikamshinda, kabati likafunguka lenyewe, akadondoka nje na mahanga matatu ya nguo.

Mama hakumtazama hata. Alikuwa ameelekeza kidole kibarazani. "Na yule?"

"Yule wa chumba cha pili, mama. Anaanika tu."

"Shati moja, tangu nimeingia?"

Nilifungua kufuli huku ufunguo ukiwa bado shingoni, kwa hiyo nilifungua nimepiga magoti, uso juu ya bati, nikapokea mvuke wote mimi. Ulipopungua tukainama sote saba na mama na askari wake. Maharage yalikuwa yameiva yakapasuka, mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila kulazimishwa. Injinia akatazama saa yake, akasahau kabisa yuko kwenye kesi.

"Saa moja na nusu! Bila kuloweka! Si nilikwambia, dogo?"

"Umeshamaliza?" mama akamuuliza.

"Nimemaliza, mama."

Jiko likataifishwa. Wabebwa tukaandikwa majina, tukaambiwa Jumatatu saa mbili ofisini, na maharage yakatangazwa kuwa ni ushahidi. Askari wa chukuchuku alijitolea kuubeba ushahidi mwenyewe. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kwa sauti ya upelelezi kabisa kama tulikuwa tumeshatia chumvi. Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono, tukampa na chumvi.

Jumatatu nilipofika ofisini jiko lilikuwa mezani na kikaratasi cha namba. Sufuria ilikuwa pembeni, imesuguliwa kwa jivu inang'aa, mimi mwenyewe sijawahi kuing'arisha hivyo. Mama akanipa karatasi niandike maelezo. Wakati naandika yeye anapekua daftari, akasimama ukurasa mmoja, akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu, wewe ulibebwa kwa nini?"

"Sikupata nafasi, mama."

"Hili jina lako hapa ni la nani? Bloku C, ghorofa ya kwanza, kitanda cha chini. Lipo tangu tangazo lile la pili."

Tangazo la pili lilikuwa limebandikwa ukumbi wa chakula, mahali ambapo mtu wa pasi ndefu hana sababu ya kupita. Nilikwenda kulitazama. Lilikuwepo kweli, limefunikwa nusu na bango la bonanza.

Mchana uleule nikajitwisha tranka, Injinia akabeba kilichobaki cha kiroba, tukashuka ghorofa nne. Pale Bloku C nikabisha hodi, nikakaribishwa. Kwenye kitanda changu alikuwa amelala jamaa wa miraba minne, na miguuni kwake, mzungu wa nne, jamaa mwingine. Nikasalimia, nikaanza kujieleza kwamba natokea ofisi ya malazi na kitanda kile...

Wa miraba minne akainua kichwa, akalitazama tranka, akanionea huruma.

"Dogo, humu kubebwa pamejaa. Panda Bloku A, ghorofa ya nne, muulizie Injinia. Nasikia kwake tangu juzi zimepatikana nafasi tatu."